Fani (andika moja)

Fomu ya ruzuku ina kisanduku kidogo,
upana wa kidole gumba:
Fani ya utafiti (andika moja).
Niliandika "muhogo". Ikarudishwa.

Basi nieleze kwa njia ndefu.

Nyuma ya Kitangari, mwezi wa kumi,
watoto saba walilala wazima
wakaamka miguu imekakamaa kama mipini.
Daktari Mchopa alipanda kutoka Mtwara mjini,
akagonga magoti kwa kinyundo cha mpira,
magoti yakaruka kupita kiasi.
Si polio, alisema. Jina la ugonjwa ninalo,
mlango ulioingilia siujui.

Akwilina wa maabara alikuja na karatasi za njano.
Akatia unga kwenye chupa, akaning'iniza karatasi, akafunga.
Asubuhi karatasi ilikuwa rangi ya ganda la korosho.
"Sianidi," alisema, kwa sauti ya mtu aliyemaliza kazi.
"Waambieni waloweke siku nne."

Mimi ni mtu wa lugha. Nililetwa kutafsiri dodoso,
na dereva aliniuliza, bila ubaya,
sarufi inatibu nini.
Swali la tisa: Je, huwa unaloweka muhogo?
Kaya arobaini, ndiyo arobaini.
Bi Esha Namtima alijibu ndiyo huku anacheka;
nikaliacha jibu, nikakiuliza kicheko.
"Mwanangu, hata usiku mmoja ni kuloweka.
Kitenzi chako hakina siku ndani yake."

Kitenzi hakina siku ndani yake!
Nilifuta swali la tisa, nikaandika: siku ngapi?
na zile ndiyo arobaini zikapukutika
kama maua ya mkorosho yaliyopigwa na ubwiriunga.

Kwa nini usiku mmoja tu?
Hapo Nandonde, mchumi,
ambaye tulidhani amesinzia garini,
akafungua daftari la bei.
Ndoo ya maji, Mei: mia mbili.
Ndoo ileile, Oktoba: elfu moja.
"Siku nne," alisema, "ni kuunywesha muhogo
na kumnyima mtoto."

Litinji wa kilimo alikuwa amechuchumaa shambani,
mchanga mwekundu kiganjani.
"Ukame huohuo," alisema bila kugeuka,
"ndio unaozidisha sumu mzizini."

Tuligombana, sifichi.
Ile methali ya kidole na chawa hakuna aliyeitaja;
vidole vyenyewe vilikuwa vinasutana.
Daktari aliita takwimu za Nandonde hesabu za duka.
Mimi niliitwa Kamusi, na si kwa heshima.
Siku mbili Akwilina hakusema na mtu.

Ya tatu, akiwa anaosha vikombe vya chai,
aliuliza sufuria:
"Je, kama si ndoo? Kama ni kikombe?"
Unga ukorogwe na maji kidogo,
utandazwe mwembamba kivulini kwa muda wa saa tano,
sumu ipae yenyewe, iende zake.
Litinji akaleta unga wa msimu mbaya kuliko yote.
Bi Esha akaleta kikombe chake cha bati,
akakataa ungo, akachagua mkeka,
akamweka mjukuu kufukuza kuku
(kuku hawakuwa kwenye andiko letu).
Nandonde akagawa elfu moja, akatabasamu mara ya kwanza.
Daktari akaongeza: na dagaa, hata kiganja.
Nami nikatafuta namna ya kuliandika hilo
kwa kitenzi chenye saa ndani yake.

Karatasi ya jioni ile ilibaki njano, karibu njano.

Oktoba iliyofuata hakulala mtoto akaamka vile.
Lakini Somoe, wa kwanza kati ya wale saba,
bado anatembea kwa fimbo.
Kwake tulichelewa,
na hakuna fani inayorudisha magoti.

Ndiye anayepima unga wa kijiji sasa,
chupa zimepangwa dirishani kwa majina ya kaya.
Juzi aliniuliza hili ni somo la nani,
la mwalimu wa sayansi au la mwalimu wa Kiswahili.
Nilikuwa na fomu mpya mfukoni,
kisanduku kilekile.
"Angalia karatasi," nikamwambia,
"inaanza kubadilika."